Bakuli la Mkunga Nililolisugua

Shikamoo zenu nimezipokea, na picha mnazonitumia kwenye simu nimeziona. Tangu mgundue kwamba huko Ulaya kuna watu wanaotafuta vyombo vya zamani vilivyochorwa kwa mkono, haupiti mnada, uwe wa Dongobesh, wa Mogitu au wa Bashay, bila kijana mmoja kunipigia na kuniuliza, "Bibi, hili ndiyo lenyewe?" Nami huwajibu kwa swali moja: umeligeuza? Mnapiga picha maua, mnapiga picha ukingo, wengine mnajipiga wenyewe mmelinyanyua juu kama kombe la mpira. Chini hampigi. Kwa hiyo nimeamua kuandika, maana kifua changu siku hizi hakivumilii maongezi marefu ya simu, na lipo jambo ambalo ni afadhali mlisikie kwangu kuliko kwa mtu mwingine.

Jina langu ni Rejina, na nimezeekea hapa Dongobesh. Miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuzunguka vijiji vya Mbulu na Hanang nikitafuta vyombo vya kale na kuvipeleka Arusha kwa Mzee Sharifu, aliyekuwa na duka la vitu vya zamani. Nilikuwa kifungua mimba wa nyumba yetu, na nililelewa kama kifungua mimba: mimi natoa amri, wadogo zangu watano wanatii. Tabia hiyo niliingia nayo kazini. Kuuliza sikupenda. Nilipenda kuonekana najua.

Kujua kwenyewe, nisijisifu sana, nilijua. Nitawapa bure, msije mkasema bibi aliondoka na siri zake. Chombo kilichochorwa kwa mkono kina makosa. Tazama ua la kwanza, halafu tazama la pili: kama petali zimelingana kabisa, hilo ni la kiwandani, limebandikwa kwa karatasi. Mkono wa mtu huanza na rangi nyingi na kuishia na rangi kidogo, kwa hiyo jani huwa nene shinani na jembamba nchani. Funga macho, pitisha kidole gumba juu ya ua. Mara nyingine utausikia mstari wa brashi umeinuka kidogo, kama mshono wa kanga. Kisha ligonge kwa ukucha. Lililo zima hulia, lenye ufa hukohoa. Na mwisho ligeuze, kwa sababu mabakuli niliyokuwa nikiyatafuta mimi kuliko yote yalikuwa na jina la mwanamke chini.

Hayo tuliyaita mabakuli ya Sista. Mzee Sharifu ndiye aliyenieleza yalikotoka, siku moja amejifunika blanketi dukani, kwa maana alikuwa mtu wa Tanga na baridi ya huku juu aliichukia mpaka kaburini. Kule Uskoti, alisema, kulikuwa na wanawake wa vijijini, wake za vibarua wa mashamba na za wachimba makaa ya mawe, waliokuwa wakikutana jioni kwenye ukumbi wa kijiji chao na kuchora mabakuli meupe. Maua, matunda, majogoo. Hawakusomea uchoraji. Walikuwa wanawake waliotoka kukamua ng'ombe na kufua nguo, wakanawa mikono, wakashika brashi. Wakimaliza, kila mmoja aliandika jina lake chini, kisha bakuli likaingia tanuruni likachomwa, rangi na jina vikagandia humo milele.

"Hebu fikiri, Rejina," Mzee Sharifu aliniambia. "Mwanamke ambaye hata kwenye karatasi ya kodi haandikwi. Hapa kajiandika mwenyewe."

Yalifikaje Mbulu? Zamani za Waingereza kulikuwa na muuguzi wa Kiskoti ambaye wazee walimwita Sista Ani. Alipita vijiji vyote, huku kwetu mpaka kule chini ya mlima Hanang, akiwafundisha wakunga wa jadi kunawa mikono kabla ya kumpokea mtoto. Kwao alikotoka, wanawake wa kijijini kwake walimtumia makasha ya mabakuli waliyoyachora. Kila mkunga aliyekubali kunawa alipewa moja, awe analo la kunawia. Ndiyo maana mabakuli yale niliyapata kwenye nyumba za wakunga, au za watoto wao, na si kwa matajiri.

Nami niliyabadilisha. Ilikuwa miaka ile sabuni inapangiwa foleni na sufuria jipya linatembelewa na majirani kama mgeni. Nilibeba sabuni, majagi ya plastiki, masufuria mawili matatu. Leta cha zamani, chukua kipya. Wengi walinishukuru, wakiamini wao ndio walionipunja. Mmoja tu ndiye aliyenishinda, Mzee Gidamis wa Mogitu, mfugaji mrefu mwenye shuka moja na maneno machache. Bakuli la marehemu mama yake lilikuwa na jogoo mwekundu. Nikampa sufuria alitazame. Akalizungusha, akachungulia ndani, akachungulia nje.

"Hili la kwako halina jogoo," akasema.

"Mzee, ni la kupikia. Halihitaji jogoo."

"Basi mpikie asiyekuwa na jogoo." Akanirudishia sufuria langu, akaenda kwa ng'ombe wake. Nilirudi mara tatu. Mara ya tatu alinipa maziwa ya mgando ninywe, akaniambia mama yake naye alikuwa mkaidi. Nilimcheka njia nzima. Leo ndiye ninayemheshimu kuliko wote niliokutana nao katika kazi ile.

Sasa niwaambie kosa la kuchekesha, kwa sababu ndilo lililozaa lile lisilochekesha. Mwanzoni kabisa nilipata bakuli la Sista huko huko Hanang, kuku analalia mayai ndani yake. Nikasubiri kuku aangue, siku kadhaa, kama mkwe. Vifaranga walipotoka nikalifunga bakuli kwenye gunia jinsi lilivyo nikalipeleka Arusha. Mzee Sharifu alilifungua mbele ya wateja watatu waliovaa vizuri. "Rejina," akasema, "umeniletea bakuli au banda?" Wale wateja walicheka mpaka mmoja akatoka nje. Nilitamani ardhi ipasuke.

Baadaye aliponiona nimenuna aliniita pembeni. "Osha kwa maji na sabuni kidogo, basi. Uchafu usioujua, niachie mimi. Uchafu nao ni shahidi." Mimi nilisikia neno moja tu: osha. Tangu siku hiyo hakuna bakuli lililotoka mkononi mwangu bila kung'aa. Nilisugua kwa majivu, nilisugua kwa limau, na penye ukaidi nilitia mafuta ya taa. Mama yangu Yuliana, niliyekuwa nikiishi naye hapa Dongobesh, alikuwa akinitazama kutoka mlangoni na kutikisa kichwa. Kazi yangu hakuipenda. "Vyombo vya watu vina mambo ya watu," alikuwa akisema. Nilidhani ni maneno ya kizamani tu, kama ile tabia yake nyingine ya kwenda kisimani peke yake. Maisha yake yote mama hakuchota maji pamoja na wanawake wenzake. Alisubiri watoke ndipo aende. Sisi watoto tulisema ana maringo.

Basi. Mwaka mmoja, wakati wa kung'oa vitunguu swaumu, nilifika Bashay kwenye nyumba ya mkunga aliyeitwa Bibi Veronika. Mwenyewe hakuwepo, alikuwa amekwenda kwa binti yake Mogitu kukaa msimu mzima. Nilimkuta mkwe wake, Fausta, mwanamke mwembamba aliyeongea huku akifanya kazi. Bakuli lilikuwa juu ya kabati, limegeuzwa chini juu. Nilipoligeuza nilikaribia kupiga kelele. Lilikuwa kubwa kuliko yote niliyowahi kuyaona, limezungushiwa maua ya zambarau yenye miiba, halina ufa. Na chini, kwa rangi ya buluu, jina: Bella.

Kulizunguka lile jina kulikuwa na vitone vyeusi, vingi, vidogo kama mbegu za mchicha, vimejipanga mistari ambayo haikunyooka. Nilivikwangua kidogo kwa ukucha. Vilikuwa vigumu, vimegandia. Nikajiambia ni lami, au uchafu wa inzi.

"Mwenye bakuli atakubali?" nilimuuliza Fausta. Hilo angalau nililiuliza.

"Chukua," akasema, wala hakulitazama. "Lichukue leo." Nilimpa vipande vya sabuni na jagi. Hata jagi hakulikagua.

Nilipofika nyumbani, mvua ilikuwa imekata barabara na lori la Arusha halikuondoka. Nikapata muda, na muda kwa mtu kama mimi ni hatari. Nilikaa uani mchana mmoja na majivu, kitambaa na chupa ya mafuta ya taa. Vile vitone vilikuwa vikaidi. Nilivisugua mpaka bega likauma. Vilitoka kimoja kimoja, vikaacha maji meusi kwenye karai, na yale maji nikayamwaga kwenye migomba. Mwisho likabaki jina la Bella peke yake juu ya weupe, safi kabisa. Nikaimba. Nakumbuka vizuri kwamba nilikuwa naimba.

Wiki haikuisha, akaja mwanamke mzee juu ya lori la vitunguu swaumu. Dereva alimshusha kama yai. Alikuwa mdogo wa mwili, ana fimbo, amejifunga shuka mbili kwa baridi.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Wewe ndiyo unachukua mabakuli?"

"Ndiyo mimi, Bibi. Karibu ndani."

Hakuingia. "Wewe ni wa nani?"

Nikamtajia baba, nikamtajia mama. Alinitazama kwa muda, kuanzia miguuni, taratibu. "Ehe," akasema. "Wa Yuliana. Nilikupokea mimi kabla hamjahamia huku." Halafu akauliza, "Yuliana hajambo?"

"Hajambo Bibi. Leo ameenda shamba."

Akasema, "Umsalimie sana," kisha akasema amerudi Bashay mapema kutoka kwa binti yake, hakulikuta bakuli lake juu ya kabati, na amekuja kulichukua, na kwamba sabuni imeshatumika lakini jagi amelirudisha. Kweli alikuwa nalo ndani ya shuka. Nikaona aibu, nikamwambia jagi abaki nalo. Nikaingia ndani kumletea bakuli, na mnisamehe, nilikuwa na furaha. Nilijua atashangaa jinsi lilivyotakata. Labda hata atalikataa, nilifikiri, atasema hili si la kwangu, la kwangu lilikuwa chafu.

Maua hakuyatazama hata kidogo. Aliligeuza. Akapitisha kidole kulizunguka jina la Bella, mara ya kwanza haraka, mara ya pili polepole, kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka.

"Umeosha," akasema.

"Nimeosha Bibi. Lilikuwa na uchafu chini, umenisumbua huo! Lakini nimeutoa wote."

"Walikuwa hapa."

"Akina nani?"

"Watu," akasema Bibi Veronika, nikamkalisha kwenye kigoda.

Alinieleza akiwa amelipakata bakuli. Sista Ani alipompa, alimwonyesha jina chini, akamwambia huyu ndiye mwanamke aliyelichora. Veronika hakujua kusoma wala kuandika, lakini aliona kwamba hapa ni mahali ambapo mwanamke huweka alama ya kazi yake. Basi na yeye akaweka. Alichanganya masizi na utomvu wa mti, akachovya kijiti, na kila mtoto aliyempokea akamwekea kitone.

"Walio hai niliwaweka huku nje," akasema. "Hao hawana shida. Wanatembea, wanaonekana. Huku katikati, karibu na huyu mama wa jina, niliweka waliokuja kimya."

Nyie hamkuzikuta siku zile, kwa hiyo nitawaambia. Kwetu, zamani, mwanamke aliyezaa mtoto asiyelia alionekana amegusana na mkosi. Alitengwa. Alikaa peke yake muda mrefu, hakusalimiwa kwa mkono, hakukanyaga boma la watu, na kisimani hakuruhusiwa kufika wakiwapo wengine. Mtoto hakupewa jina, na hata mama alipofunguliwa kurudi kwa watu, jambo lile halikutajwa tena. Mtoto hakuwahi kuwapo. Lakini kwa Bibi Veronika alikuwapo. Akina mama walikwenda kwake wakijifanya wamekwenda kumsalimia. Hakuwasemesha. Aliligeuza bakuli, akashika kidole cha mama, akakiweka juu ya kitone chake. Wakikaa hivyo kidogo, mama anafuta macho, anaondoka, na nyumbani anasema Bibi Veronika anawasalimu.

Hao ndio niliowamwaga kwenye migomba.

Nimeomba msamaha mara nyingi katika maisha yangu, mwingi wa mdomoni. Siku ile nilipiga magoti. Bibi hakunifokea. Alisema tu, "Kichwani sinao wote. Niliwaweka hapa ili nisiwabebe mimi." Halafu akafikiri. "Wewe uliyefuta, wewe utaandika."

Nikauliza kwa nini asiandike yeye wale anaowakumbuka. Akakataa. Mara ya kwanza, alisema, aliwaandika kwa sababu alikuwepo, mikono yake iliwagusa. Sasa wamefutwa. Anayeweza kuwarudisha ni mama mwenyewe, aseme kwa mdomo wake, na akitaka aweke kwa mkono wake. Asiyesema asilazimishwe. Akarudi Bashay na bakuli lake, nami nikawa nakwenda huko kila siku ya mnada, bila sabuni, bila sufuria.

Aliyeanza ni Fausta. Nilimkuta jikoni, nikamlaumu kidogo, nadhani ili nigawane naye kosa. Mbona hukuniambia vile vitone ni nini?

"Nilijua," akasema, akiendelea kupepeta. "Na changu kilikuwa hapo. Kila siku nikifuta kabati nakiona. Nilikupa bakuli ili kiondoke." Akaweka ungo chini. "Kimeondoka. Lakini macho yangu bado yanakwenda pale juu ya kabati." Jioni ile alikuja mwenyewe mbele ya mama mkwe wake, akachovya kijiti, akakirudisha. Bibi Veronika alimshika bega.

Nikadhani wote watakuwa kama Fausta. Haikuwa hivyo. Nenda kamuulize mwanamke wa miaka sabini, kwenye uwanja wake, mbele ya wakwe zake, kama aliwahi kuzaa mtoto asiyelia. Nilifukuzwa. Kuna mama alinimwagia maji ya kuoshea vyombo miguuni, kwa makusudi kabisa, kisha akasema pole. Kuna mwingine aliniambia, "Mimi? Hapana," na nilipofika barabarani nikamsikia ananikimbilia, akanionyesha vidole vitatu bila kutoa sauti, akarudi. Wengine nilichelewa, walikuwa wameshakufa, na watoto wao walinitazama kama mwendawazimu. Nilijifunza kuchelewesha swali. Unakaa, unamenya vitunguu naye, unamsimulia kosa lako wewe kwanza. Mkijua kukiri mbele ya mtu, naye hupata pa kuingilia.

Na kila nilipofika Bashay, Bibi Veronika aliniuliza swali lile lile kabla sijaketi. "Yuliana anasemaje?"

"Anakusalimu sana Bibi," nilijibu.

Ulikuwa uongo. Mama sikumpa salamu hata moja. Ile siku ya kwanza alipotoka shamba sikumwambia kwamba Bibi amekuja, kwa sababu ningelazimika kumwambia na bakuli, naye angetikisa kichwa chake kile. Baada ya hapo ikawa vigumu kuanza. Nilimwambia nakwenda minadani kama kawaida. Nilizunguka nyumba za watu nikiwaomba wasiniogope, nami nilikuwa naogopa kikongwe mmoja nyumbani kwangu. Bibi kila mara alinisikiliza nikisema anakusalimu, akaitikia "haya," akatazama pembeni. Nilidhani ni uzee.

Masika yaliyofuata Bibi Veronika alilala, hakuamka. Fausta alinikabidhi bakuli mbele ya ukoo: marehemu alisema liende kwa aliyefuta. Vitone vya katikati vilikuwa vichache kuliko vidole vya mikono yangu. Kabla sijasugua havikuhesabika. Mzee Sharifu nilimwandikia barua kwamba nimeacha kazi, na nilimweleza sababu. Alijibu kwa mstari mmoja: jina la Bella lilipita motoni, mwanangu, yale mengine hayakupata wa kuyachoma. Nimeitunza barua hiyo.

Nililiweka bakuli mezani sebuleni, chini juu, nikamwambia mama ni la marehemu mkunga wa Bashay, nimepewa. Miezi ikapita. Macho yake yalikuwa yameanza kufa, akawa anakaa karibu na dirisha akimenya vitunguu swaumu kwa kupapasa. Wanawake wawili wa Bashay walikuja wakati huo, kila mmoja kwa siku yake, nikawachukua faragha, wakaweka vitone vyao. Mama alikaa pale pale dirishani, akimenya.

Alasiri moja, baada ya yule wa pili kuondoka, akaita.

"Rejina."

"Abee mama."

"Umekwenda Bashay yote. Umeuliza mpaka wasiokujua. Mbona mimi hujaniuliza?"

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka. "Nikuulize nini mama? Mimi si ndiye kifungua mimba wako?"

Alipangusa mikono kwenye kanga, akasema nimletee bakuli. Nikalileta. Akalipapasa ukingo, akaligeuza, na kidole chake, kidole cha mtu asiyeona, kikaenda moja kwa moja bila kutafuta, kikatua chini ya herufi ya kwanza ya jina la Bella. Pale palikuwa peupe kabisa, safi, pametakata. Alipagusa, akasogea kidogo kulia, akapagusa tena.

Ndipo nikakumbuka. Nilipokuwa mdogo, tulikuwa tukienda Bashay na mama kumsalimia bibi mmoja. Mimi niliachwa nje na kipande cha muwa. Akitoka, macho yake mekundu, alikuwa akisema ni moshi.

"Bibi aliniuliza habari zako kila mara," nikasema. "Kila nikifika. Sikukuambia."

"Nilijua ataniuliza," akasema mama. "Nilikuwa nangoja uniletee hizo salamu."

Nikamtengenezea masizi na utomvu. Nilimshika mkono, lakini hakuhitaji. Aliweka kitone cha kwanza, akapumzika. Akaweka cha pili. Halafu akanipa kijiti, akaniambia na mimi nijiweke, huku nje, pamoja na wanaotembea.

Nikauliza nianzie wapi.

"Baada ya kaka zako," akasema mama.

Vijana, mabakuli bado yapo. Mtayaona minadani, mtayaona juu ya makabati ya watu. Yageuzeni, lakini msioshe. Mimi miaka yote ile nilijiita kifungua mimba, na kumbe ni wa tatu, na wawili walionitangulia niliwasugua kwa mkono wangu mwenyewe, nikiimba.